Jina la kaka: kwa nini Jimmy McGill akawa Saul Goodman

Tahadhari mapema: kama hujamaliza kuangalia Better Call Saul na una mpango wa kuimaliza, ishia hapa hapa, maana nitamwaga kila kitu mpaka kipindi cha mwisho. Umebaki? Haya, twende.

Kila nikikaa na watu walioiangalia tamthilia hii, ubishi ni ule ule. Huyu Jimmy McGill, mcheshi, mwenye huruma na wazee, anayefua nguo na kubeba barafu kwa ajili ya kaka yake mgonjwa, aligeukaje kuwa Saul Goodman, wakili wa wauza unga? Na jina jipya la nini? Wanasheria wangapi wanaiba kwa majina waliyopewa na mama zao na wala hawajisumbui kubadili chochote!

Kambi moja inasema ni pesa tu. Jamaa alikuwa tapeli tangu utotoni, akaona huko kwa wahalifu ndiko kuliko na mkwanja, basi. Kambi ya pili inasema kaka yake, Chuck, ndiye aliyemharibu. Mimi naona kambi ya kwanza haikuangalia vizuri, na ya pili imemsamehe Jimmy haraka mno. Ngoja nijieleze.

Kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kukutana naye. Saul Goodman alionekana mara ya kwanza mwaka 2009, katika msimu wa pili wa Breaking Bad. Aliletwa kuchekesha. Suti za rangi zinazopiga kelele, Katiba ya Marekani imebandikwa ukutani nyuma ya meza yake, Sanamu ya Uhuru ya kujazwa upepo juu ya paa la ofisi, na matangazo ya runinga yanayowaambia wahalifu wa Albuquerque, New Mexico, kwamba wakikamatwa wampigie simu. Ukilitamka haraka haraka kwa Kiingereza, jina lake linasikika kama mtu anayesema "mambo yote shwari, mwana." Na mapema tu alimwambia Walter White kwamba yeye wala si Goodman, jina lake ni McGill, asili yake ni Ireland, ila wateja wake wanapenda wakili mwenye jina la Kiyahudi. Biashara tu.

Huo ulikuwa utani wa sentensi mbili. Peter Gould, aliyeandika kipindi kile, na Vince Gilligan, baba wa Breaking Bad, wakaja kuutumia utani huo kujenga tamthilia nzima: ilianza Februari 2015, ikaisha Agosti 2022, misimu sita, vipindi 63, Bob Odenkirk akiwa ndani ya viatu vya Jimmy. (Iliteuliwa kuwania tuzo za Emmy mara 53 na haikupata hata moja. Sijui waliokuwa wanapiga kura walikuwa wanaangalia nini.)

Sasa basi, turudi kwenye jina. Wengi wanadhani suala la jina linaanza pale Jimmy anapofungiwa leseni, msimu wa tatu. Hapana. Linaanza kipindi cha kwanza kabisa, na linaletwa na Chuck.

Jimmy wakati huo ni wakili wa kutetea wasio na uwezo, analipwa dola 700 kwa kesi, ofisi yake ni chumba cha nyuma ya saluni ya kucha, gari lake ni Suzuki ya njano yenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Amejichapishia viberiti vyenye jina lake ili avigawe kwa wateja. James M. McGill, wakili. Kumbe viberiti hivyo vimewafikia wakubwa wa Hamlin, Hamlin & McGill, ile kampuni kubwa ya mawakili ambayo McGill wa tatu kwenye kibao ni Chuck. Na Chuck, amekaa gizani ndani ya nyumba isiyo na umeme kwa sababu anaamini umeme unamuumiza, anamwambia mdogo wake kwa upole kabisa: huoni ingekuwa bora ujijengee jina lako mwenyewe, kuliko watu wachanganye na la kampuni?

Rudia kuiangalia hiyo sehemu. Jimmy anashangaa kama mtu aliyeambiwa avue ngozi. Ni jina langu! Limetoka kwa baba yangu kama lilivyotoka kwa baba yako! Lakini kwa Chuck, jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Ukishaliona hilo, mambo mengine yote yanajipanga. Jimmy alikulia Cicero, jirani na Chicago, akaishi kwa kuteleza makusudi kwenye barafu mbele ya maduka ili alipwe fidia, na kuuza saa feki na rafiki yake Marco. Usanii wa mjini, kwa ufupi. Akaja kukamatwa kwa upuuzi mkubwa (kwa wanaojua kisa cha paa la gari, mnajua, kwa wasiojua sitaki kuwaharibia chakula), kaka yake akaruka kutoka Albuquerque kuja kumtoa, kwa sharti kwamba aache. Na aliacha! Akawa msambaza barua kwenye kampuni ya kaka yake, anasukuma kigari cha bahasha kwenye korido. Usiku akasoma sheria kwa njia ya posta, chuo cha kubuni huko American Samoa, akafanya mtihani wa uwakili akafeli, akarudia akafeli, mara ya tatu akapita. Hakumwambia mtu mpaka alipopita.

Wewe uliyesoma jioni baada ya kazi, au uliyesoma Chuo Kikuu Huria huku wenzako wanakuuliza kama hicho nacho ni chuo, unajua Jimmy alikuwa na uso gani siku alipopeleka ile barua kwa kaka yake. Chuck akampongeza. Chuck akasimama mahakamani kumdhamini siku anaapishwa. Kisha Chuck huyo huyo akahakikisha kampuni haimwajiri, na akamtuma mwenzake, Howard Hamlin, abebe lawama kwa miaka.

Jimmy alikuja kuligundua hilo kwa njia ambayo bado inanisisimua. Alileta kesi kubwa, ya makazi ya wazee ya Sandpiper Crossing waliokuwa wanawalipisha wazee zaidi ya haki. Aliisaka mwenyewe mpaka kwenye mapipa ya taka, akaunganisha vipande vya karatasi zilizopita kwenye mashine ya kuchana. Kampuni ikaitaka kesi, haikumtaka yeye. Na usiku wa kuamkia kikao, Chuck, mtu anayedai simu ya mkononi inamchoma, aliichukua simu ya Jimmy gizani akampigia Howard kumwambia amzuie. Maumivu yote yale akayavumilia ili mdogo wake tu asipate ofisi kwenye jengo lenye jina lao. Alipobanwa akasema wazi: wewe si wakili halisi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa kambi ya pili inapiga makofi. Mmeona? Chuck ndiye!

Subirini kwanza. Msimu wa pili Jimmy anapata kila alichokuwa anakililia. Kampuni ya heshima ya Davis & Main inamwajiri. Ofisi, msaidizi, nyumba, gari la kampuni. Hakuna Chuck hapo. Bosi wake, Clifford Davis, ni mtu mwema, anapiga gitaa. Na Jimmy anafanya nini? Anarusha tangazo la runinga bila kuomba ruhusa. Kisha, akiona akiacha kazi atarudisha fedha ya kusaini mkataba, anavaa suti za rangi za matunda na kupuliza zumari la Kiskoti ofisini mpaka wamfukuze. Kuna kikombe ambacho Kim Wexler, mwanasheria mwenzake na mpenzi wake, alimpa zawadi, na hakiingii kwenye kishikio cha kikombe cha gari jipya. Jamaa anachukua chuma na kukipiga kile kishikio mpaka kikombe kiingie. Mtu aliyefungiwa mlango maisha yake yote, siku umefunguliwa, anagundua chumba chenyewe kinambana.

Kwa hiyo usiniambie kwamba Jimmy angepokelewa tu angekuwa wakili mnyoofu mpaka uzeeni. Chuck alikuwa sahihi kuhusu tabia ya mdogo wake. Njia ya mkato ilikuwa inamwasha Jimmy vidole. Alibadilisha namba za anwani kwenye nyaraka za benki ya Mesa Verde, 1216 ikawa 1261, ili Chuck aonekane amekosea na mteja arudi kwa Kim. Alimtenga bibi mzee wa watu, Irene, na rafiki zake wote ili achoke akubali malipo ya Sandpiper. Hayo aliyafanya akiwa James McGill kamili, kwa jina la baba yake. Saul wakili hakuwepo bado.

Saul alikuja kwa njia ya kawaida kabisa, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Baada ya Chuck kumrekodi kwa siri akikiri ile janja ya namba, na Jimmy kuvunja mlango ili aiharibu kanda, walikutana mbele ya jopo la nidhamu la mawakili. Jimmy akamvua kaka yake nguo hadharani, akathibitisha kwamba ule ugonjwa wa umeme uko kichwani. Yeye akafungiwa mwaka mmoja. Sasa, alikuwa amelipia muda wa matangazo ya runinga kabla, na aliyefungiwa haruhusiwi kujitangaza kama wakili. Hasara hiyo! Akaamua kuuza ule muda kwa wenye maduka, awatengenezee na matangazo yenyewe. Lakini sura ya James McGill isingefaa kwenye runinga ikiuza muda wa matangazo, wateja wake wazee wangemwonaje? Akavaa kofia, akabandika ndevu, akajiita Saul Goodman. Jina lenyewe alikuwa analo kabatini tangu enzi za Cicero, alilitumia kwenye utapeli na Marco.

Baadaye, leseni bado imefungwa, akaajiriwa duka la simu lisilo na wateja. Akazinunua zile simu za malipo ya kabla, akawa anaziuza usiku mtaani kwa vijana wasiotaka polisi wawasikilize. Saul tena. Kwa hiyo mwaka ulipoisha, kulikuwa na mtaa mzima wa wahalifu unaomjua Saul. Wazee waliokuwa wanamjua Jimmy je? Aliwapoteza mwenyewe. Ili Irene arudishiwe rafiki zake, Jimmy alijianika mbele yao wote wasikie jinsi alivyomchezea. Jambo jema pekee alilolifanya kipindi kile ndilo lililomfungia soko. Kibiashara basi, kambi ya pesa nao wana hoja kidogo: wateja walikuwa kwa Saul.

Nitoke kidogo nje ya mstari. Wapo wanaodharau yale matangazo yake kana kwamba ndiyo ushahidi wa uovu. Huko Marekani, mawakili hawakuruhusiwa kujitangaza mpaka mwaka 1977, pale Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura tano kwa nne, ilipowapa haki mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, jimbo jirani na la Saul. Kosa lao lilikuwa kuweka tangazo gazetini la huduma za kisheria za bei nafuu kwa watu wa kipato cha kati. Wakubwa wa taaluma walikereka kweli kweli. Kampuni kama ya Chuck haihitaji tangazo, wateja wake wanacheza nao gofu. Dereva wa lori aliyegongwa atampataje wakili? Kwa hiyo nikimwona Chuck anavyokunja pua kwa tangazo la mdogo wake, naona heshima kwa sheria, ndiyo, lakini naona pia dharau ya mwenye nacho.

Haya, turudi. Chuck anakufa. Baada ya bima ya kampuni kupanda (Jimmy ndiye aliyewachomea kwa kampuni ya bima kwamba kaka yake ana matatizo ya akili), Howard anamtoa Chuck kwenye kampuni, ugonjwa unarudi kwa nguvu, na usiku mmoja anaipiga teke meza yenye taa ya mafuta mpaka nyumba inaungua naye ndani. Howard anakuja kulia kwamba ni kosa lake. Jimmy, ambaye anajua ni nani aliyewachomea kwa watu wa bima, anasema basi huo ni msalaba wako, anaenda kulisha samaki na kujitengenezea kahawa huku anapiga mluzi.

Ni hapo, kwa mtazamo wangu, Saul Goodman alipozaliwa. Fomu ilikuja baadaye.

Fikiria. Kila McGill anayebaki duniani ana swali la kujibu kuhusu moto ule. Jimmy McGill ana kaka aliyekufa, alichangia kumsukuma huko, na hakupata muda wa kumwambia chochote. Maneno ya mwisho waliyozungumza ni Chuck kumwambia kwamba hajawahi kuwa na maana kubwa kwake. Mtu anaishije na hilo? Analia miaka, au anaomba msaada (Kim alimpa namba ya mshauri, akaikataa), au... anakuwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kaka. Saul Goodman hana kaka. Hana Cicero, hana baba mwenye duka dogo anayetapeliwa na kila mpita njia. Na jina lenyewe linasema mambo shwari. Ulimwengu unateketea nyuma yake, yeye anajitambulisha tu, kila siku, kwamba mambo ni shwari.

Sehemu inayonifanya niamini hivyo ni mwisho wa msimu wa nne, mwaka 2018. Kampuni imeanzisha ufadhili wa masomo kwa jina la Chuck, Jimmy yumo kwenye jopo. Kuna binti mmoja, Kristy Esposito, aliwahi kukamatwa akiiba dukani, ila ameandika vizuri na anataka kuwa mwanasheria. Jimmy peke yake anampigania. Wanamkataa. Anamkimbilia nje na kumwambia: hawatakupa, hata wangekuambia kuna nafasi walikuwa wanakudanganya, watakukumbuka kwa kosa lako moja maisha yako yote, kwa hiyo pita kona zako, shinda, wakuchukie. Binti anaondoka ameduwaa. Jimmy anaingia kwenye gari, gari linakataa kuwaka, analia kama mtoto. Hakuna anayemwona. Hakuna wa kumtapeli. Yale ndiyo machozi yake pekee ya kweli kwa Chuck, na anayalia kwa ajili ya mtoto wa watu.

Baada ya hapo anakwenda kwenye rufaa ya leseni. Anaanza kusoma barua ya marehemu, anaikunja, anaongea kutoka moyoni kwamba hatawahi kuwa na akili kama kaka yake, lakini wakimrudisha atajitahidi astahili jina la McGill. Jopo machozi. Kim machozi. Na wewe nyumbani machozi, usikatae! Kisha wanatoka kwenye korido, anacheka, anashangilia jinsi alivyowakamata. Karani anakuja na habari njema, na Jimmy anaomba fomu ya kufanya kazi kwa jina jingine. Hatatumia McGill.

Chuck alimwomba nini kipindi cha kwanza? Aache jina. Amelipata. Misimu minne baadaye, akiwa kaburini, kaka mkubwa ameshinda. Au Jimmy amemwambia: lichukue, lizikwe na wewe. Nimeiangalia mara nyingi na bado sijui ni ipi kati ya hizo, na nadhani naye hakujua.

Ila simwonei huruma kiasi cha kufuta deni. Jina jipya lilikuwa dawa ya maumivu yake na likawa sumu kwa wengine. Howard Hamlin alifanyiwa fitina ya wiki nyingi, jina lake likachafuliwa kwa uongo wa dawa za kulevya, na usiku alipokuja kudai maelezo alipigwa risasi na Lalo Salamanca, mteja wa Saul. Kim alishiriki fitina ile kwa raha yake, tusimsingizie Jimmy yote, lakini Kim alirudisha leseni yake akaondoka. Yeye Saul akabaki. Alipoondoka mtu wa mwisho anayemwita Jimmy, ndipo tulipompata yule wa Breaking Bad, na msimu wa sita hautuonyeshi hata daraja katikati, siku moja Kim anafunga begi na dakika inayofuata ni miaka baadaye, kuna kasri la dhahabu na choo cha dhahabu.

Kwa kipindi cha mwisho nitasema hesabu tu. Amekamatwa Omaha, Nebraska, alikokuwa anajificha kwa jina la Gene, akisimamia duka la keki. Kwa ulimi wake wa Saul anawabana waendesha mashtaka mpaka wanakubali miaka saba. Saba, kwa yote yale! Kisha mbele ya jaji, Kim akiwa amekaa nyuma, anakiri kila kitu, pamoja na lile suala la bima ambalo kisheria wala si kosa na hakuna aliyemuuliza. Jaji anapomwita Goodman, anamrekebisha: jina langu ni McGill. Anapewa miaka 86. Tofauti ni 79.

Kwenye basi la magereza wafungwa wanamtambua, wanaanza kuimba jina la Saul huku wanapiga miguu sakafuni. Anatabasamu kidogo. Jikoni gerezani wanamwita Saul na anaitika bila ubishi, anaendelea na unga wake. Kim anakuja kumtembelea kwa kadi yake ya zamani ya uwakili, haina tarehe ya mwisho, na ndiye anayemsalimia kwa jina la Jimmy. Wanavuta sigara moja kwa zamu wameegemea ukuta.

Kama kuna uliyemshawishi aanze kuiangalia, mwambie asiruke misimu miwili ya kwanza eti inaenda taratibu. Na kile kiberiti kikitokea, aache kuchezea simu.